Mikono ya Mama Mkwe

Felista alipoukunjua mkono wa marehemu mama mkwe wake ili auoshe, alishtuka. Vidole vilikuwa laini. Chunjua zote, vile vinundu vigumu vya ngozi, zilikuwa zimekwisha.

Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, majirani wapya walizitazama zile chunjua wakanong'ona kwamba ni laana. Felista akahofia zisije zikawapata wanawe. Alimtengea bibi sahani, kisha akamtengea kibanda nyuma ya zizi. Chakula alikiweka mlangoni akarudi upesi.

Mganga wa zahanati alimkanya. "Mama, huo ni ugonjwa mdogo tu wa ngozi. Asizikate kwa wembe, wala msichangie taulo. Nyingi huisha zenyewe."

"Wewe huishi naye," Felista alimjibu.

Sasa aliushika mkono ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Ulikuwa baridi, na mwepesi kama wa mtoto.

Jirani mmoja alisimama nje ya kibanda, akaogopa kuingia.

"Tungekusaidia kumwosha," alisema. "Lakini zile chunjua bado anazo?"

Felista aliufunika mkono kwa shuka.

"Bado anazo," alisema. "Niacheni nimwoshe mwenyewe."