Tuma Tena

Bunduki ilikuwa imeelekezwa kisogoni mwa Mumbua, na bado aliambiwa aendelee na kazi.

"Mzee akiingia akupate kama kawaida," alisema yule mrefu. "Ukipiga nduru, tunaanza na wewe."

Mwenzake, mtu mnene mwenye koti la mvua ingawa Mtito Andei ilikuwa haijaona tone tangu Krismasi, alisimama kando ya pazia akichungulia barabara. Mzee waliyemngoja ni Muktar Dirie, mwenye malori ya ng'ombe. Alikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, na ufunguo wa kabati lake la chuma la kuwekea pesa haukuwahi kutoka shingoni mwake.

"Niko peke yangu hapa," Mumbua alijikaza kusema.

Mrefu alimtazama tu. Hakuuliza kitu.

Mungu ni mwema, Mumbua aliwaza. Hawajui kuhusu Kisilu.

Kisilu, karani mwenzake, alikuwa amejifungia chumba cha nyuma penye simu na kompyuta ya zamani. Mashine hiyo na hii mpya iliyokuwa mbele ya Mumbua hazikuwa zikisikizana kabisa. Diski pana za ile kuukuu haziingii kwenye mpya, na hata zingeingia, mpya isingezisoma. Ndipo Kisilu akapitisha waya kwenye tundu la ukuta, na tangu asubuhi walikuwa wakihamisha faili moja baada ya nyingine. Katikati waliandikiana kwa waya huohuo. Mumbua akiandika TAYARI, Kisilu anajibu NATUMA, na maneno yanajitokeza kwenye kioo kana kwamba mashine yenyewe inasema.

Kwa hivyo hakuhitaji sauti. Alihitaji vidole tu, na vidole vilikuwa vimelowa jasho.

Alingoja mrefu ageuke kunong'ona na mwenzake, akaandika: MAJAMBAZI HAPA. BUNDUKI. PIGA SIMU POLISI. USITOKE.

Kisha:

TUMA TENA. HERUFI ZIMEHARIBIKA.

Alitaka kulia. Waya ule ulikuwa umewasumbua hivyo asubuhi nzima. Akaandika upya, polepole, akiomba kila herufi ifike nzima.

"Unapiga nini sana hivyo?" mrefu aliuliza.

"Majina ya madereva. Nikiacha katikati hii kitu itaanza kulia, watu wasikie."

Mrefu alikuja akainamia kioo, pumzi yake ikinuka sigara. Mumbua alikuwa amewahi kukifuta. Yule mtu alisimama hapo, akatazama mstari mtupu, halafu akarudi mlangoni.

Herufi zikajitokeza.

MZEE AMEFIKA?

Mumbua alishusha pumzi. Kisilu amesoma! Tena amewaza la maana, kumwahi Mzee kabla hajaingia. Ndivyo Kisilu alivyokuwa. Ni yeye aliyesafiri hadi Mutomo kumwombea mtoto wa Mumbua alipolazwa hospitalini, ni yeye aliyewaongoza kanisani kila Jumapili. Sasa hofu ya Mumbua ilikuwa juu yake. Wakimwona akikatiza uwanjani, watampiga risasi.

BADO, aliandika. PITIA DIRISHA LA NYUMA. MZUIE NJIANI. WASIKUONE TAFADHALI.

Alitega sikio. Ukuta ulikuwa mwembamba. Simu ikizungushwa nambari husikika hadi huku. Hakusikia simu. Hakusikia dirisha. Labda anatembea kwa uangalifu, alijiambia. Labda ameshaenda.

Nje, pikapu ilizima injini.

"Ndiye," mnene alisema. Wote wawili wakajibanza nyuma ya mlango, na bunduki ikahama kutoka kisogoni mwa Mumbua hadi urefu wa kifua cha mtu anayeingia.

Alisikia kikohozi cha Mzee. Alisikia ndala zake zikiburuta barazani, naye akiimba kwa sauti ya chini, mtu aliyeshiba sala na asiye na wasiwasi. Mumbua aligonga herufi bila kutazama kama mrefu anamwona.

AMEFIKA! UKO WAPI? UMEPIGA SIMU?

Kitasa kilianza kuzunguka. Jibu lilikuja papo hapo.

TULIA MUMBUA. HAO NI WATU WANGU. MKARIBISHE MZEE.