Shuka Mbili za Dobi

Dobi aliigeuza ile shuka kwenye kamba ya nje mara mbili, asiamini macho yake. Ilikuwa nyeupe pe.

Miaka yote alianika nguo chumbani, maana nje kiwanda cha jirani kilizimwagia masizi kabla hazijakauka. Gonjwa lilipoingia, mtaa wao wa watu weusi ulizika wengi kuliko mitaa ya weupe ng'ambo ya kilima. Daktari wa zahanati akasema watu wa rangi yao huzaliwa na vifua dhaifu. Kisha ikaja amri ya kukaa nyumbani, kiwanda kikafungwa.

"Mwanangu," mama yake akaita kutoka mlangoni, "mbona leo sijakusikia ukikohoa?"

Dobi akavuta pumzi kwa tahadhari, kama anayeonja uji wa moto. Ikaingia yote. Akacheka, na kicheko kikafika mwisho bila kukatwa na kikohozi.

Akavaa barakoa, akaichukua shuka ile pamoja na nyingine iliyowahi kusahauliwa nje kabla kiwanda hakijafungwa, ya kijivu kama jivu, akaenda zahanati. Akazitandaza zote mbili mezani.

"Daktari, hizi ni za jora moja na nimezifua kwa sabuni moja. Hebu nionyeshe iliyozaliwa dhaifu."