Nyati Tasa wa Malik

Fimbo ya pili ilipoinuka, Hajran aliruka akasimama kati ya Malik Fateh Sher na nyati wa kufugwa.

"Nipige mimi!"

"Wewe fimbo ya nini? Njaa itakupiga," Malik alisema, akatema mate chini. "Nyati alizaa mwaka jana, mpaka leo hajataka dume hata mara moja. Nilikupa mnyama wa maziwa, umenifugia gunia la nyama!"

Nyati alikuwa wa Malik, ambaye alikaa mjini Okara na kufika kijijini mara chache, siku zote na matusi. Hajran, mjane, alimfuga kwa nusu, kama ilivyo desturi: yeye anamlisha, na siku ya kuachana mmoja anachukua mama, mwingine ndama.

Nyati alipozaa, Malik hakuleta hata konzi ya pumba. Kutoa maziwa kulimkausha mnyama mpaka mbavu zikatokeza, na nyati aliyekonda hivyo hapati joto la kutaka dume. Hajran aliuza bangili zake, akanunua mashudu ya pamba na chumvi ya madini. Alimchemshia ngano kwa sukari guru, mwenyewe akala mkate mkavu na kitunguu.

"Na maziwa?" Malik aliuliza.

"Yamepungua, Malik. Siku hizi ni kikombe tu."

"Kikombe! Lakini tumbo hilo, litazame! Chakula chote kinaishia humo." Alimgeukia jirani, Basran, aliyekuwa akikata majani kando ya ukuta. "Nyinyi wanawake mnafuga matumbo, si nyati."

Basran alijifunika uso kwa mtandio.

"Leo tunaachana," Malik alisema.

Hajran alipiga magoti matopeni, akamkumbatia ndama jike shingoni.

"Basi niachie huyu. Mama mchukue wewe, Malik, ni mali yako tangu mwanzo. Mimi na tasa wapi na wapi? Huyu atakua, atanizalia, nitapata cha kutia kinywani. Kwa jina la Mungu, niachie mtoto!"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Malik alitabasamu.

"Ahaa. Kumbe ndama ndiye uliyemkodolea macho! Umenilia mama, sasa unataka na mtoto. Hupati! Ndama naondoka naye. Wewe baki na tasa mwenzio, mtazamane."

"Malik, nakusihi..."

"Basran, wewe ni shahidi. Kuanzia leo nyati ni wake, simdai. Na asije mjini kunililia mlangoni."

Ndama alikokotwa akipiga kelele, akapakiwa nyuma ya gari. Hajran alilikimbilia gari lile akilia, kilemba cha Malik kikionekana dirishani, hakikugeuka hata mara moja. Alikimbia mpaka vumbi likameza kila kitu.

Aliporudi, Basran alikuwa zizini.

"Malik ameshavuka daraja?"

"Ameshavuka," Hajran alisema, akijifuta uso.

Basran aliweka kiganja ubavuni mwa nyati, upande wa kulia, chini kabisa, akatulia. Mara akakiondoa kama aliyeungua.

"Lo, mateke haya!" alisema. "Ndama huyu, dada, mvua za mwaka huu hazitamkuta tumboni."