Likitokea Lolote Njiani

Fundi alishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalitikisa kama mtu anayemwamsha mlevi. Likacheza. Si sana, upana wa ukucha tu, lakini gurudumu halitakiwi kucheza hata kwa upana wa unywele.

"Umeona?" mama akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani, mtandio umemkaa vizuri kichwani. Asubuhi hiyo aliileta pikipiki juu ya gari la mizigo: pikipiki kubwa ya safari, ya zamani, yenye masanduku ubavuni, umri wake sawa na mtoto aliyekwisha kuoa.

"Bado natafuta, mama. Hebu niambie tena."

"Taratibu haina neno. Ikipita mia tu, mkia unaanza kuyumba. Kwanza kidogo, kama mtu anayekuvuta nguo kwa nyuma. Halafu inaingia hapa." Akagusa kiuno. "Ukiikazia mikono ndiyo inazidi. Ukipunguza mafuta polepole, inatulia."

Anajua kueleza huyu, fundi akawaza. Wanaopakiwa nyuma kwa kawaida hujua kupiga kelele tu.

Alikwisha kupima upepo wa matairi, sawa. Beringi, nzima. Shokapu zilichoka kidogo, lakini uzee si ugonjwa. Akafungua masanduku ili ayaondoe. Ndani ya la kushoto mlikuwa na helmeti ndogo iliyofungiwa kitambaa cha kichwa, akaiweka rafuni. Akageukia kiti.

"Kiti mmekishusha mpaka mwisho wake," akacheka. "Mzee ni mfupi nini?"

"Nani, mume wangu? Mrefu kama mlingoti! Akienda kwa watu, huuinamia mlango kabla hajamsalimia mwenye nyumba."

"Lakini anaitunza. Inang'aa."

Mama akashusha sauti. "Siku hizi kila Jumamosi yuko nayo, na kitambaa na spana. Nilipomwambia inayumba, akasema ni hofu zangu tu. Tafadhali, fundi, asijue kama nimeileta kwako."

Fundi alilala chali sakafuni na tochi yake. Pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu unapoungana na bodi, kuna nati moja kubwa, na nati hiyo hufungwa kwa pini ili isijifungue. Pini haikuwepo. Nati ilikuwa imelegea mizunguko mitatu. Kutu yake ilikuwa ya miaka, lakini juu ya kutu hiyo alama za spana zilimeremeta kama meno mapya. Hizo zilikuwa za juzi.

Nati haijilegezi kwa spana.

"Hivi," mama akauliza, kana kwamba ameusoma moyo wake, "kitu cha huko nyuma kikiachia kabisa kwenye mwendo, mtu anapona?"

"Kwenye mia na kumi? Mama, hapo watu huja na shuka, si machela."

"Ee Mola wangu." Akainamisha macho. "Na safari yenyewe ni ya leo. Binti yangu wa mwisho anajifungua, kilomita mia mbili kutoka hapa. Ngoja nikasali, nitarudi saa tisa."

Alipotoka, fundi alikaa sakafuni akiitazama ile nati. Mwanamke hataki mumewe ajue. Anauliza kama mtu atapona. Aliyevunja mlango hurudi kutazama kama alama zake zinaonekana! Na upole wote ule, na sala zote zile. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Chini ya kiti, ndani ya nailoni, alikuta kadi imeandikwa kwa mkono: *Likitokea lolote njiani, piga namba hii.* Akapiga. Ikapokelewa na mwanamume.

"Mzee, shikamoo. Hunijui, mimi ni fundi. Pikipiki yenu iko kwangu, ameileta mama. Kuna mtu amelegeza nati ya nyuma makusudi. Mzee wangu, ndani ya nyumba yako kuna anayetaka roho ya mtu."

Kwenye simu ulisikika mlango ukifungwa, kisha sauti ikashuka.

"Umeshamwambia yeye?"

"Nitamwambiaje? Nimekuambia wewe kwanza."

"Mungu akubariki, kijana. Sasa nisikilize. Usiguse kitu. Nati iache hivyo hivyo, askari waione kwa macho yao. Yeye mwambie imepona, asije akashtuka. Mengine niachie mimi."

Saa tisa mama alirudi akihema. "Uchungu umeshaanza, fundi. Imepona?"

Miaka yote ya kazi yake fundi hakuwahi kumdanganya mteja.

"Imepona, mama."

"Umekaza kila kitu?"

"Kila kitu."

Mama akaushika mkono wake mweusi wa oili kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe sawasawa na ulivyonitendea, mwanangu."

Fundi akautoa mkono haraka. "Gari la mizigo liko wapi?"

"La nini tena, si imepona?"

Basi mzee anakuja mwenyewe, fundi akawaza, na askari wake. Heri. Akamkabidhi ufunguo, akaenda uani kunawa, maana hakutaka kuwapo watakapomkamata.

Sabuni haijatoa povu, injini ikanguruma.

Alitoka mbio, maji yakimchuruzika viwikoni. Kigoda kilikuwa kitupu. Rafuni, pale alipoiweka ile helmeti ndogo, palikuwa patupu. Kutoka barabara kuu alisikia gia zikipanda, ya pili, ya tatu, ya nne, laini bila kukwaruza.

Simu ikatetema mfukoni mwake. Ilikuwa ile namba ya kwenye kadi.

"Eh, fundi," mzee akauliza kwa upole. "Ameshapanda?"