Jina Lililokosa Nafasi

Mwamina alikuwa akiyapanga majina ya vijiji kwenye ramani ya kompyuta, ndipo programu ikaonyesha kuwa jina moja limekosa nafasi. Lilikuwa Nakulonga, kitongoji alikozaliwa, katika kijiji cha Chinongwe. Maneno ENEO LA MGODI, mekundu na makubwa, yalikuwa yamekalia mahali pake.

"Bosi, niyasogeze haya mekundu kidogo?"

Mkuu wa ofisi akainama kutazama. "Yaache. Watu wa fidia wakiona jina, watauliza kama pana watu wa kulipwa."

"Wapo. Mama yangu anaishi hapo."

"Najua, dada. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, na hilo unalijua."

Mwamina akashika kipanya. Aliitazama ile sehemu nyekundu mpaka macho yakamuuma. Kisha akalifuta jina, akahifadhi ramani.

Mkuu alikuwa bado amesimama nyuma yake simu ya Mwamina ilipoita.

"Mwanangu," mama alisema, "korosho zimeanza kudondoka. Ijumaa utakuja tuokote?"

"Nitakuja, mama."

"Mbona sauti yako iko mbali?"