Taa ya Saa Kamili

Redio ilipolia saa tano kamili, taa ya kijani ikawaka juu ya meza, na Chepchumba akaiambia asante.

"Gogo, hiyo ni taa tu," Jemutai akamcheka bibi yake.

"Basi nimemshukuru aliyeiwasha."

Aliyeiwasha alikuwa mumewe, Mzee Kipkirui, aliyebaki peke yake shambani karibu na Mai Mahiu, ng'ambo ya korongo, kwa sababu ng'ombe wao alikuwa amekaribia kuzaa. Huko simu hazishiki. Kwa hivyo mjukuu wao Jemutai, anayesomea mitambo hapa Nakuru, alimtengenezea kisanduku chenye kitufe kimoja. Redio ikilia saa kamili, kabla ya habari, mzee anabonyeza. Neno lake linapitia kwa mnara ulio juu ya bonde hadi kwenye mashine ya Jemutai hapa mtaani Section 58, ambayo huanza kusikiliza redio inapolia, na taa inawaka na maandishi yake: NIPO. Walikubaliana kwamba saa nzima ikipita bila taa, wampigie Kibii, jirani wa upande wa pili ambako simu hushika, avuke korongo na kamba.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana mchana.

"Haiharibu maneno yake njiani?" Chepchumba akauliza.

"Inaharibu sana. Ndiyo maana kisanduku hutuma neno pamoja na vipande vya ziada, ili mashine izibe matundu yenyewe." Jemutai alivuta kiti karibu. "Ona hivi, Gogo. Humu ndani kuna vibuyu vinane na mikono minane. Mikono yote inachota mara moja ili kazi iende haraka. Shida ni mikono miwili ikienda kwa kibuyu kimoja. Inagongana, na mashine inasimama."

"Jana ilisimama mara nne. Nilihesabu."

"Leo haisimami. Jana jioni niliibadilisha. Mkono ukikuta kibuyu kina mkono mwingine, hautangoja tena. Utatumia kile ulichochota mara ya mwisho. Kosa dogo kama hilo mikono mingine italisahihisha."

Chepchumba hakuelewa yote. Alichoelewa ni kwamba mtoto huyu alikuwa amekesha kwa ajili ya babu yake. Akavua shali yake, akamfunika mabega.

Saa sita ikikaribia, Kibii akapiga simu.

"Gogo, maji yanapanda mbio. Lakini kivuko bado kinapitika. Nimtoe mzee?"

Kibii alikuwa na mapacha wa wiki tatu nyumbani. Chepchumba akatazama mashine. Redio ikalia, na papo hapo taa ikawaka. NIPO.

"Jemutai?"

"Yuko sawa, Gogo. Ona hapa, makosa sifuri. Haijawahi kuwa safi hivi."

"Kaa na watoto wako, mwanangu," Chepchumba akamwambia Kibii. "Mzee amejibu sasa hivi. Mungu akubariki kwa kuuliza."

Saa saba, Mastura wa mlango wa pili alileta chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na chai. Alijua hakuna aliyekumbuka kupika. Mumewe Obeid ni dereva wa lori, na jana alilala Mai Mahiu.

"Alinipigia kabla simu yake haijazima," Mastura akasema. "Amekwama Gilgil, lori fulani limelala barabarani. Anasema mzee alimpa kifurushi chenu alfajiri."

"Ni mahindi mabichi hayo," Chepchumba akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Hata kwa mvua hii, anakumbuka meno yangu yanapenda nini."

Taa iliwaka saa saba, ikawaka saa nane. Siku nyingine mzee huchelewa, mara anatafuta miwani, mara anamalizia chai. Leo hakuchelewa hata dakika moja.

"Anajua tuna wasiwasi," Chepchumba akasema. "Hataki kutungojesha."

Saa tisa kasoro Kibii akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Gogo, kivuko kimebebwa. Tuko wengi hapa na kamba, lakini hakuna wa kuvuka. Tunaangalia tu."

"Mnamwona?"

"Hatuoni kitu, ni mvua na maji tu. Pole, Gogo."

Chepchumba alibaki ameshika simu ingawa Kibii alishakata. Hakukuwa na mahali pa kwenda, wala mtu wa kutuma. Jemutai akamshika mkono, wakakaa hivyo, macho kwenye meza. Redio ikalia. NIPO.

"Yupo," Jemutai akanong'ona.

"Yupo," Chepchumba akaitikia.

Muda mfupi kabla ya saa kumi, Obeid akabisha. Alikuwa amelowa hadi mifupani, lakini alivua viatu mlangoni ili asichafue nyumba. Hata kwake hakuwa amepitia.

"Pole, mathe. Hiyo jam ya leo, wacha tu." Akamwekea mfuko wa plastiki mapajani. "Mzigo wa mzee huo."

Chepchumba alifungua fundo polepole, kwa vidole vilivyokwisha kuzoea mafundo ya mumewe. Hayakuwa mahindi. Ndani kulikuwa na kisanduku chenye kitufe kimoja. Kifuniko cha nyuma hakikuwepo, na mahali pa betri palijaa tope lililokauka.

"Kiliingia maji jana usiku," Obeid akasema. "Nilitaka niwapigie simu mapema, mzee akakataa. Eti nisisumbuke. Mkiona taa haijawaka asubuhi, mtajua wenyewe mumtume Kibii."

Redio ikalia saa kumi. Juu ya meza, mikono minane ikachota tena neno la jana, na taa ya kijani ikawaka, bila kuchelewa.

NIPO.