Makangaga Tisa

Fundi alikitua chungu cha tisa katikati ya ngazi, akaegemea ukuta. Seremala wa miaka thelathini kazini, mtu wa kubeba kabati peke yake, leo udongo kidogo na majani vilikuwa vinamtoa jasho. Uzee huo, alijiambia, hauna hodi. Juu chumbani mke wake akakohoa, naye akakinyanyua chungu upesi.

Kikohozi kile kiliingia nyumbani miezi mitatu iliyopita. Jioni moja fundi alirudi kutoka kazini na shati lake limejaa unga wa mbao, kama kawaida, na mke akashika kifua.

“Vumbi lako hili litaniua, baba watoto.”

Kesho yake fundi alifunga karakana. Msumeno, randa na wateja akamwachia mwenzake. Hakutaka kubishana, mbao zipo kila siku, mke anaye mmoja tu.

Ila kukaa nyumbani unamsikiliza mtu akikohoa, hiyo nayo ni adhabu. Kiti kikivunjika, unajua msumari uende wapi. Kifua je? Alikuwa anasimama mlangoni na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi.

Mama wa maua pale mtaani ndiye aliyempa kitu cha kushika. Alimwonyesha kangaga, mmea wa kivulini wenye majani yaliyochanuka kama manyoya ya kuku.

“Hili linasafisha hewa ya chumba,” alisema. “Weka ndani, litunze, utaniambia.”

Fundi akanunua moja. Kikohozi hakikukoma. Akanunua la pili, la tatu, na sasa chumba cha kulala hakikuwa na pa kukanyaga. Ndiyo hivyo, mfa maji haachi kutapatapa. Kila jipya aliliweka karibu zaidi na kichwa cha mkewe.

Aliyatunza kama mayai. Jua kali hapana, ncha zitababuka. Maji mengi hapana, mizizi itaoza. Kila asubuhi alipiga magoti na chupa ya kupulizia, akayanyunyizia huku akiyabembeleza yafanye kazi yao. Siku moja akainua jani, akaona chini yake vidoa vya kahawia vimejipanga mistari. Dumuzi, huyo huyo adui anayetoboa mbao za watu. Alichukua kitambaa, akafuta jani kwa jani tangu asubuhi mpaka mchana. Mama wa maua alipohadithiwa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Fundi, zile ni mbegu zake. Umefuta kizazi kizima.”

Fundi hakucheka. Alirudi nyumbani amenyong’onyea, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Hata majani yamenishinda,” alimwambia mkewe. “Nakuona unaisha mbele ya macho yangu, mke wangu, na mimi nafuta majani.” Machozi yakamtoka, mtu mzima yule.

Mke alimshika mkono, akakaa nao muda mrefu.

“Hakuna kilichokushinda,” alisema. “Tangu ukae hapa na mimi, naona nafuu.” Kisha akageuka upande wa ukuta, akakohoa.

Hospitali ilikuwa mtihani mwingine. Fundi hakuipenda kabisa. Kaka yake mkubwa aliambiwa ugonjwa wake Jumatatu, Ijumaa wakamzika, na siku ile fundi aliapa mbele ya ndugu wote kwamba yeye hatasomewa karatasi ya daktari maisha yake yote. Kwa ajili ya mke tu ndiyo alikanyaga pale. Na mke naye, mwanamke aliyezaa watoto wanne bila kelele, siku hizi alikuwa mwoga kuliko mtoto. Anaogopa mashine ya picha, basi fundi atangulie kupigwa picha ya kifua ili amtoe woga. Anaogopa kumeza dawa peke yake, basi fundi naye ameze vidonge vyake, asubuhi na jioni.

“Kudeka gani huku, bibi mzima,” alimtania, amekunja uso kwa uchungu wa vidonge. Lakini alimeza. Angeambiwa ameze misumari, angemeza.

Wakimaliza, daktari humwita mke ndani peke yake. Fundi hubaki kwenye benchi la nje, akitazama vigae vya sakafu na kumwomba Mungu amchukue yeye kwanza.

Alikifikisha chungu cha tisa chumbani, akakipangia nafasi dirishani pasipo jua. Alisimama kidogo, ameshika kiuno, akivuta pumzi.

“Keti upumzike basi,” mke alisema.

“Halijanywa maji hili. Nakuja.”

Akachukua ndoo, akashuka taratibu kuelekea bombani. Simu ya mke ikaita. Alisubiri mpaka nyayo ziishe kwenye ngazi, ndipo akapokea. Alikuwa daktari.

“Nimeiangalia picha ya jana, mama. Nilitamani nikupe habari njema. Imezidi kuwa mbaya.”

Mke alitazama makangaga, moja baada ya jingine. Yalikuwa yamestawi vizuri, mabichi kabisa.

“Nimesikia, daktari.”

“Mapafu ni ya mumeo, mama. Mpaka lini utamkoholea wewe?”

Alitoka kitandani, akaenda dirishani, akamwangalia mumewe kule chini, ameinamia bomba na ndoo haijajaa.

“Nikiacha leo,” alisema, “kesho yuko karakana.”